Mkeo Nimemtembeza hadi Kibirizi

Mtani wangu Zakaria,

Nimeshinda mbio. Ndiyo, mimi Rajabu, fundi mitumbwi niliyestaafu, mwenye nyonga inayolia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nimetimua mbio kutoka Ujiji hadi Kibirizi, na vijana wa chuo nimewaacha nyuma wanahema, ndimi nje.

Najua umeshaanza kunicheka humo ulimo. Haya, naongopa. Hazikuwa mbio, yalikuwa matembezi ya hisani. Na niliyempita ni mmoja tu, kijana mnene wa benki, naye alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alipomaliza akanipita na shikamoo juu. Nyuma yangu hakukuwa na mtu tena ila gari la wagonjwa, linakuja polepole, dereva ananitazama kama fisi anavyomtazama ng'ombe mzee. Lakini nimefika, Zakaria. Na sikufika peke yangu, ndiyo maana nimeomba daftari la mjukuu nikuandikie.

Herufi zangu usizikague. Mimi ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinipa kwa huruma. Wewe wa darasa la saba ulikuwa ukisoma gazeti kwa sauti kibarazani ili mtaa mzima ujue.

Nianzie siku tuliyokuzika, maana wewe ulikuwepo lakini hukuona kitu.

Nilifanya kazi yangu. Utani wetu hatukuuomba; babu zako wa milimani na babu zangu wa huku ziwani waliupanga zamani, kwamba akifa wa kwenu, wa kwetu aende akawachekeshe wafiwa mpaka kilio kikate. Nikavaa koti lako la reli, lile la bluu lililobakiwa na vifungo viwili. Nikavaa kofia yako. Nikatokea nyuma ya nyumba natembea kama wewe, mkono mmoja mgongoni, naburuta ule mguu ulioangukiwa na taruma enzi zako za gengi ya reli, na kila hatua nne nasimama kumsalimu mtu na kumwuliza habari za mbuzi wake. Watu walikuwa hoi. Mchungaji wenu aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Nikajisemea, Rajabu, leo umempatia.

Kisha nikamwona Shemeji Eliza. Hakucheka. Wala hakulia. Alinitazama miguuni, akainuka mkekani, akaingia ndani.

Na huko ndani ndiko alikobaki. Binti yenu Neema alikaa na mama yake wiki tatu, halafu kazi ikamwita Tabora, akaondoka analia. Shemeji yeye akageukia ukuta. Akipelekewa ugali anamega matonge mawili, basi. Kwaya hakwenda. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali naye, aliwaitikia kwa kichwa. Mtaani wakaanza yao: wengine wakasema ni wewe unamvuta, wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu, mwacheni.

Mimi nikasema ni mimi. Sikumwambia mtu, lakini nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Nilikuiga vizuri kupita kiasi, nikamrudishia mumewe kwa dakika mbili kisha nikamnyang'anya mara ya pili. Utani gani huo. Na kama angekufa pale kitandani, mtani, ningekuja kukwambia nini?

Tena ukuta ule mimi naujua. Nimeutazama wa kwangu.

Hili hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi. Tulilizungukia kama watu wanavyozunguka tope. Zuhura wangu alipofariki, nililala nikiangalia ukutani miezi mitatu. Ndevu zikaota, nyundo zikaota kutu. Sheikh alikuja kunisomea, nikamshukuru. Mganga naye akaja, akasema nina jini la ziwani, akaondoka na jogoo. Watoto wangu wakawa wananong'ona mlangoni kama mimi ni maiti iliyochelewa.

Ukaja wewe. Hukusoma kitu, hukuchanja kitu. Uliketi mlangoni ukasema, "Mtani, unanuka." Ukakaa mpaka jua likapanda, ukaeleza habari za mabomba yasiyotoa maji, za Simba na Yanga, za mchungaji wenu anayeimba kama amekabwa na mwiba wa samaki, mgebuka wetu wa ziwani. Halafu ukainuka ukasema, "Haya, mimi naenda. Nisindikize."

Sikukusindikiza. Ukaenda, ukarudi kesho yake. "Nisindikize." Nikakunyima. Siku ya tatu ukasimama uani ukapaza sauti majirani wasikie, "Jamani, nyumba hii mgeni hasindikizwi. Siku hizi mgeni anafukuzwa kama kuku." Ulinijua vizuri, mwana wa ibilisi wewe. Baba yangu alikuwa hawezi kumwacha mgeni atoke peke yake hata kama mgeni mwenyewe amekuja kumtukana. Niliona aibu. Nikaamka na shuka langu nikakusindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa.

Kesho yake ukasema minyaa si mahali pa kuagana, twende mpaka kwa muuza mkaa. Keshokutwa mpaka msikitini. Wiki iliyofuata tukawa tunafika barabarani, na tukifika unasema, "Sasa nawe umekuja mbali, siwezi kukuacha urudi peke yako," unanisindikiza tena mpaka kwangu. Tukifika kwangu nakusindikiza mimi. Watu wakatuona wendawazimu wawili wanaosindikizana mchana kutwa. Mpaka siku moja nikajikuta Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani, wanawake wananitania ndevu zangu, nami nawajibu. Nikakutazama. Ulikuwa umegeukia ziwani unajifanya unaangalia boti.

Sikukwambia asante siku ile. Nilikwambia una mguu mbaya. Asante nakwambia leo, Zakaria, na usijivune.

Basi na mimi nikamwendea Shemeji. Nilikaa mlangoni kama ulivyokaa. "Mwakeye, Shemeji," namwamkia kwa Kiha chenu nilichokiharibu, maana zamani nilipokiharibu alikuwa ananisahihisha. Kimya. Namweleza mabomba, namweleza mchungaji. Kimya. "Nisindikize, Shemeji." Anageuza uso. Mwezi wa kwanza ukapita hivyo. Nilipiga ile kelele yako ya uani, ya mgeni na kuku, nikaambulia aibu mimi mwenyewe, maana majirani walianza kusema mzee Rajabu anamtaka mjane. Sheikh akaniita pembeni baada ya swala, akasafisha koo, akaniuliza kama nina nia njema. Nikamwambia, "Sheikh, nina nyonga. Hiyo nia ningeiweka wapi?"

Ilikuwa wakati huo nikakutana na binti mmoja pale kwenye mkutano wa mtaa. Ametoka mikoa ya huko Nyanda za Juu, anafanya kazi kwenye shirika linalosaidia watu wenye matatizo ya afya ya akili. Alisimama akasema kuna ugonjwa unaitwa sonona. Mtu anakosa hamu ya kula, analala bila kulala, anajitenga, hasikii raha ya kitu. Alisema si jini, si uvivu, si laana, na unatibika. Mimi nimekaa kwenye benchi nalirudia neno lile mdomoni. Ndilo jina lake, mtani. Ule ugonjwa wangu tuliutembeza kutoka minyaa hadi Kibirizi bila hata kuujua jina.

Akasema wanaandaa matembezi ya kuchangia kliniki yao. Kila mtembeaji anachukua fomu, anawazungukia watu, na kila mtu anaandika atamchangia kiasi gani kwa kila kilomita atakayotembea. Nikachukua fomu. Akaniuliza, "Babu, wewe peke yako?" Shetani wa utani akanipanda. Nikasema, "Nipe mbili."

Ya pili nikaandika Eliza Zakaria. Sikumwuliza.

Nilianza na ile ya kwangu. Mama Siwema wa chapati aliandika, ila akaongeza pembeni, "akifa njiani sidaiwi." Sheikh akaandika kwa mkono mzuri, nadhani kwa furaha kwamba nimepata kazi nyingine ya kufanya asubuhi. Halafu nikaichukua ya Shemeji nikaenda nayo kwa akina mama wa kwaya yenu, nimevaa kanzu na sura ya mtu mkweli. Nikawaambia mwenzenu ameamua kutembea, ila anaona haya kuja mwenyewe. Zakaria, wale wanawake walilia. Waliandika mpaka fomu ikajaa, wakaandika na nyuma. Jumapili mchungaji akatangaza kanisani. Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, kwaya nzima ikaenda kwa Shemeji kumpongeza, na vigelegele.

Mimi nilikuwa nyumbani nakula ndizi. Nikasikia mlango wa uani unasukumwa. Nikainua macho, ni Shemeji. Amejifunga kanga moja, kandambili zake za bluu, nywele hazijachanwa, anahema. Ametoka kwake mpaka kwangu kwa miguu, peke yake, kati ya watu. Akanielekezea kidole.

"Rajabu, wewe ni mbwa."

Maneno yake ya kwanza tangu tukuzike. Nilifurahi hadi nikadondosha ndizi. Aliendelea, mkeo akianza unamjua. Alinitaja mimi, akawataja wazee wangu, akasema watu wa ziwani tumeoza vichwa kama samaki. Nilitulia kama mtu anayenyeshewa mvua baada ya kiangazi. Alipochoka nikasema, "Kweli tupu, Shemeji. Sasa umekuja mbali, siwezi kukuacha urudi peke yako. Ngoja nikusindikize."

Akanitazama. Nadhani aliijua ile kauli ilikotoka. Hakusema ndiyo, lakini alitembea, nami nikatembea kando yake.

Tukaanza mazoezi. Asubuhi tunakwenda mpaka kwa muuza mkaa, jioni mpaka msikitini. Alikuwa hasemi sana. Siku nyingine hafungui mlango kabisa, na siku hizo nilikaa nje mpaka nikachoka nikaenda zangu. Yule binti wa shirika nilimleta mara moja kwa kisingizio cha fomu, wakafunga mlango wakazungumza wawili saa nzima, na sikusikia kitu ingawa nilijitahidi.

Siku yenyewe ikafika. Tulipewa fulana nyeupe. Yangu ilinifika magotini, nikaonekana kama mtoto wa ubatizo wenu. Shemeji alivaa yake juu ya kitenge cha Pasaka. Kulikuwa na gari la muziki, na afisa mmoja akatuhutubia kuhusu afya mpaka wazee wawili wakaketi chini. Tukaachiliwa. Vijana wakaruka kama panzi. "Babu, kaza," wananiambia wakinipita. Nikawaambia nimekaza tangu kabla ya Uhuru, sasa nalegeza.

Mpaka mtaa wa Mwanga tulikwenda vizuri. Baada ya Mwanga, barabara ilipoanza kuteremka kuelekea mjini, nyonga ikagoma. Wenzetu walikuwa wameshapotea mbele, muziki hausikiki tena. Nikakaa kwenye ukingo wa kalavati. Gari la wagonjwa nalo likasimama nyuma yetu. Shemeji akasimama mbele yangu, jasho linamtiririka, ameshika kandambili mkononi.

Nikaona bora niseme pale, maana ningeweza kufa kabla ya Kibirizi na Mama Siwema akafurahi. Nikasema, "Shemeji, nisamehe siku ile ya koti. Nilimpatia mno. Nilikuumiza."

Alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema, "Hukumpatia."

"Vipi?"

"Ulikosea mguu. Mguu wake mbovu ulikuwa wa kushoto. Wewe uliburuta wa kulia."

Mtani, nilitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine. Miaka yote ile tumetembea bega kwa bega, na mguu wako sikuujua.

Akasema, polepole, maneno yanatoka moja moja, "Nimeukanda mguu ule kwa mawese ya moto tangu Neema hajazaliwa. Ulipotoka na koti lake, nikasema, huyu ndiye rafiki yake, na hata huyu ameshasahau. Na maiti bado iko uani. Nikaogopa, Rajabu. Nikaona nikitoka nje, nikaanza kupika na kucheka na watu, na mimi nitasahau. Nikakaa ndani nimkumbuke."



Ndipo akavaa kandambili zake. Akaweka mkono mgongoni. Akaanza kuteremka, mguu wa kushoto anauburuta, si kama nilivyouburuta mimi, kama gogo. Unaburutwa kidogo tu, kisha unarushwa pembeni, kama mtu anayemfukuza kuku bila kutaka kumpiga. Akaenda hatua nne, akasimama. Akageuka, akarudi mpaka kwenye dirisha la gari la wagonjwa, akamwinamia dereva.

"Habari za mbuzi wako?"

Dereva akababaika. "Sina mbuzi, bibi."

"Basi nunua."

Hilo la kununua nilikuwa nimelisahau pia. Ulikuwa unawaambia wote, hata yule daktari. Zakaria, nilikuona. Naapa kwa chakula nilicholamba leo, nilikuona barabarani umevaa kitenge cha Pasaka. Nikaangua kicheko mpaka nyonga ikapiga kelele, na Shemeji akacheka, kicheko chake kile cha kuziba mdomo, halafu kikageuka kilio, akaja akaketi kando yangu kwenye kalavati, tukalia kama watoto waliopotea sokoni. Dereva akazima injini. Kijana mwenye adabu. Hakutuharakisha.

Tulipoinuka yeye ndiye aliyesema, "Twende." Tukaenda. Njia nzima alinifundisha mguu wako. Stesheni ya reli tuliipita mimi naburuta wa kushoto na yeye ananisahihisha, "Rusha, usiburute. Rusha."

Kibirizi tulikuta utepe umeshakunjwa na viti vinapakiwa. Medali zilikuwa zimekwisha. Yule binti akavua yake mwenyewe akamvika Shemeji shingoni. Mimi nikapewa maji. Wachuuzi wa dagaa wakaja kututazama, na binti akaniuliza kama nina neno, kipaza sauti bado kina moto. Sijawahi kukataa kipaza sauti, wewe shahidi. Nilitaka kuwachekesha. Badala yake nikajisikia nasema, "Mimi niliwahi kuugua sonona. Nililala miezi mitatu. Nilitembezwa na rafiki yangu, Zakaria wa reli, mpaka hapa mliposimama." Basi. Mbeba mizigo mmoja, mtu wa miraba minne, aliweka gunia chini, akaja akanisogelea sikioni akauliza kliniki iko wapi. Nikampeleka kwa binti. Nilimsindikiza.

Sisemi Shemeji amepona. Kila Jumatano anakwenda kliniki kuzungumza nao, na kuna siku bado mlango haufunguki. Lakini kwaya amerudi, na juzi amenitukana mara mbili kwa siku moja. Ugali anamaliza.

Nakuahidi hivi: Jumamosi zote nilizobakiwa nazo nitamtembeza, na nikishindwa nitamtafuta wa kumtembeza. Na akifa mtu wa kwenu nikaitwa tena, nitaburuta mguu unaostahili. Lala, mtani. Udongo wako hatuukanyagi vibaya. Shemeji ameupanda maua, mimi nikaupandia pilipili kidogo pembeni, usije ukapoa.

Sasa kuna jambo dogo, nawe huna uso wa kunikatalia, kwa kilomita zile zote. Cherehani ya Zuhura, ile aliyoniusia asiiguse mtu mwingine hata akifa, nimempa mkeo. Anashonea sare za kwaya. Huko uliko mtafute Zuhura wangu. Kama wamewatenga, nyinyi wa kengele kule na sisi wa adhana huku, zungukia uani, hujawahi kushindwa na mlango wa uani. Mpe habari hiyo wewe, kwa upole, amalizie hasira zake kwako. Nikija mimi nimkute ameshapoa.

Mtani wako,
Rajabu